Oili Isiyofaa

"Hiyo hapana," mama alisema. "Nataka ile ya mara iliyopita. Ile iliyoharibu."

Muuza vipuri alidhani hakusikia vizuri. Alikuwa ameshamshushia makopo kadhaa kutoka rafu ya juu, na yote mama aliyasukuma kando bila kuyatazama. Mama huyo alikuwa mtu mzima, rika la mama mzazi wa muuza vipuri, na amevaa kandambili zisizofanana, moja ya bluu, moja nyekundu. Hakutulia. Mguu mmoja ndani ya duka, mwingine kizingitini, na kila akimaliza neno aligeuka kutazama barabara.

"Mama yangu, hebu tuelewane. Pikipiki yenyewe ni ya lini?"

"Kabla hujazaliwa. Mzee wangu aliinunua mpya, tukiwa bado wachumba."

"Basi hiyo inataka oili nzito, namba arobaini, ya pikipiki. Usitie ya gari. Hizi za zamani, injini na klachi zinaoga beseni moja. Ukitia ya gari, klachi inateleza. Itanguruma mpaka majirani watoke nje, lakini kusogea haisogei."

"Ehe! Hiyo hiyo. Nipe ya gari."

"Mama!"

"Mara iliyopita niliinunua kwa kukosea, duka jingine. Mzee akaitia, akapiga kiki, ikanguruma. Akatia gia, haikwenda. Tangu hapo anashinda uani. Anafungua klachi, anaosha pleti zake kwa petroli, anafunga, anajaribu, anafungua tena. Oili inamwagika yote. Ndiyo maana nimekuja."

"Na wewe unajua kabisa shida ni oili, humwambii?"

"Simwambii."

Alilisema hilo bila kupepesa macho. Muuza vipuri alianza kucheka, akaona anacheka peke yake.

"Alikukosea nini mzee wa watu?"

"Mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nipimie."

Simu ya mama ikalia. Akaipokea haraka, nusura imponyoke. "Ameamka?... Mwambie chai inakuja. Hapana, usimfungulie! Hata akikufokea, usimfungulie. Nakuja, niko njiani."

Muuza vipuri alichukua kidumu akaingia nyuma ya pazia, kwenye mapipa. Damu ilikuwa inamchemka. Alimwona mzee yule akilini mwake: amefungiwa ndani ya nyumba yake kama mbuzi, jasho linamtoka juu ya mashine ambayo mkewe anaiharibu kwa makusudi. Na mke mwenyewe, mbio zote hizo, nani ajuaye anakopitia? Kama ni hasira za ndoa, si wamalizane wao kwa wao. Pikipiki imemkosea nani?

Alifungua pipa la oili ya gari. Akalifunga. Akasimama, akasikiliza kandambili za mama zikipigapiga sakafu upande wa pili. Halafu akakijaza kidumu namba arobaini, mpaka shingoni. Kwa macho tu, nani angetofautisha?

"Tayari, mama. Kama ulivyotaka."

"Ubarikiwe, mwanangu. Hujui ulivyonisaidia." Alikikwapua kidumu, akaondoka nusu anatembea, nusu anakimbia.

Tangu saa ile muuza vipuri hakukaa akatulia. Kila injini iliyopita alinyanyua kichwa. Akimhudumia mteja, sikio liko nje. Mara alijipongeza, mara alimwona mama yule anarudi kumvunjia vioo. Mkewe alimuuliza mezani kilichomkosesha raha. Akasema ni joto.

Alasiri moja aliisikia kabla ya kuiona. Mlio mzito, wa polepole, dum, dum, dum, kama mchi kinuni. Pikipiki nyeusi ikasimama mbele ya duka lake. Juu yake mzee, mgongo umenyooka, nywele zimechanwa kwa maji, shati jeupe lililopigwa pasi lakini vifungo vimepishana.

Muuza vipuri alitoka mbio. "Shikamoo, mzee! Imekubali!"

"Marahaba, kijana. Imekubali! Leo nimetia gia ikaruka kama swala." Mzee alicheka, akalipapasa tangi. "Nilikuwa nimeshakata tamaa."

Furaha ilimzidi nguvu muuza vipuri. "Oili hiyo nilikuchagulia mimi, mzee wangu. Mimi mwenyewe. Walitaka upewe isiyofaa, nikakataa."

"Basi Mungu akuzidishie." Mzee alimpa mkono, akaukamata kwa nguvu. "Sasa nielekeze, hizi barabara wamezigeuzageuza. Kiwanda cha nguo ni kulia au kushoto? Namfuata mchumba wangu. Anatoka kazini saa hizi, na hapendi kungojeshwa."

Muuza vipuri alicheka. Halafu kicheko kikamkwama. Kiwanda cha nguo alikisikia tu kwa wazazi wake. Kilibomolewa yeye akiwa bado anabebwa mgongoni.

"Mzee, hebu zima kwanza. Shuka upumzike. Mkeo yuko wapi?"

"Mke? Sijaoa bado, kijana." Mzee aliinama, akapunguza sauti. "Ila kuna bibi mmoja pale nyumbani, sijui katokea wapi. Kila nikitaka kutoka ananishika mkono, analia. Leo kaingia kuoga, nikamkimbia."

Akatia gia. Pikipiki ikaitika, ikaruka, ikaingia barabara kuu, upande wa magari yanayokuja.