Jibu Alilolimeza Tausi

Kibwana, mkata vitambaa, aliharibu tena sare za shule, na mafundi wote wakainamia cherehani zao wakisubiri msimamizi wao, Bi Tausi, afoke. Zamani angefoka mpaka wapita njia wakasikia. Lakini siku hizi kila Ijumaa wafanyakazi waliketi duara wakafundishwa kusikilizana: urudie kwanza alichosema mwenzako, ndipo umjibu. Zoezi hilo lilimshinda Tausi kuliko wote.

Alivuta kigoda, akaketi. "Niambie, kaka Kibwana."

Kibwana aliweka mkasi chini. "Mstari wa chaki siuoni vizuri, Bi Tausi. Niliogopa kufukuzwa."

Jibu kali lilimfika Tausi mdomoni, akalimeza. "Nimesikia kwamba macho yanakusumbua," akasema taratibu, "na kwamba unaniogopa mimi."

"Ndivyo."

"Basi kesho tutakwenda wote kwa daktari wa macho. Leo nitakuchorea mistari minene, wewe ukate."

Kibwana akashusha pumzi. Tausi alisimama kifua mbele, akijihisi amerefuka. Nyuma yake cherehani zote zilikuwa kimya, mafundi wamegeuka kumtazama kwa mshangao, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuanza tena kushona.