Mawe ya Msingi

Afisa wa ujenzi alisimama juu ya mume wangu, akavuta futi kamba.

"Shikamoo mama. Ramani yenu imepita, nimekuja kukagua kiwanja."

"Marahaba."

Miezi kumi na sita tuliisubiri siku hiyo. Mara dirisha la choo dogo, mara karo la maji taka liko karibu na mpaka, mara mhusika yuko semina. Majirani walijenga bila kibali, wakahamia, wakapaka na rangi. Mume wangu, Ezekieli, alikataa. "Sisi tutafuata utaratibu," alisema, akaendelea kusomba mawe ya msingi kwa toroli, jiwe kwa jiwe.

Sisi Wanyaturu mtu huzikwa kwake. Alipofariki, kwake palikuwa hapa tu, kwenye kiwanja kitupu. Tukamfunika kwa mawe yake mwenyewe.

Afisa alitazama ramani, akatazama chini.

"Mama, haya mawe yako palipochorwa sebule. Mtayaondoa lini?"

"Hilo ni kaburi la mume wangu."

Akaruka pembeni. Futi ikajirudisha kwa kishindo mkononi mwake. Akavua kofia, akainamisha kichwa muda mrefu, nami nikaanza kumwonea huruma.

"Pole sana, mama. Ila kaburi halimo kwenye ramani. Itabidi mchore upya, muanze maombi upya. Na fomu asaini mwombaji mwenyewe. Hapa wameandika Ezekieli."

Nilichomoa kalamu mfukoni mwake, nikaiweka juu ya mawe.

"Huyo hapo. Mpe fomu."