Ufunguo wa Mstari Mwekundu

Chati ilikwisha kubandikwa ukutani. Chini yake, ufunguo ulieleza maana ya kila rangi: nguzo za buluu zilikuwa mvua, mstari wa kijani dawa iliyotiwa majini, na mwekundu watoto waliouawa na kipindupindu. Wa kijani uliposhuka, mwekundu ulipanda.

"Bi Zawena, ukate ule ufunguo wa rangi kabla wakaguzi hawajafika," alisema mkurugenzi wa maji, akitafuna korosho. "Mistari ibaki. Uongo uko wapi hapo, dada?"

Zawena, aliyeyahesabu makaburi mwenyewe, aliutazama mstari mwekundu. Akachukua mkasi, akaukata.

"Ndiyo maana nakupenda!" mkurugenzi akacheka, makombo yakimruka mdomoni.

Wakaguzi walipoingia, Zawena alisimama kando ya chati, ufunguo ameubana kifuani kwa pini. Mkaguzi wa kwanza akavaa miwani, akainama kuusoma.