Taa ya Maji

Hamdani alikuwa amemfuata mkewe kwao, na Zamaradi alikuwa amekubali kurudi. Hawajauacha mji, taa nyekundu ya maji ikawaka kwenye gari lao kuukuu.

“Gari linachemka.”

“Achana nayo, mama. Taa hiyo mzushi tangu zamani.”

Achana nayo. Jibu hilohilo ndilo lililomfanya afungashe virago na kurudi kwao. Zamaradi aliwasha hita, akaweka kiganja kwenye matundu. Upepo ulitoka baridi.

“Maji yangekuwamo, upepo ungekuwa wa moto. Simama.”

“Ufundi umeuanza lini, bibie?”

“Simama, au nirudi kwetu kwa miguu.”

Mshale wa joto ulizidi kupanda. Harufu tamu, kama ya sukari inayoungua, ikawajaa puani. Hamdani akaumeza ubishi, akaegesha na kuzima. Alifunua boneti, akakimbilia kifuniko cha rejeta, kitambaa mkononi.

“Usifungue! Itakuunguza uso!”

Mkono wake ukaganda hewani. Akageuka.

“Basi niambie wewe. Nifanyeje?”

Zamaradi alishuka na begi lake, akalilaza kando ya barabara, akalikalia.

“Ngoja lipoe.”

Hamdani akangoja. Mvuke ulipanda kati yao, mweupe, ukimficha Zamaradi na kumfichua.