Fuko Aliyeoga

Fuko aliamini kwamba duara, yaani shimo la mchimbaji, likianza kutoa dhahabu, mchimbaji haogi, asije akaiosha bahati pamoja na matope. Kwa hiyo kila alipopata, alinuka.

Tembo, mwenye leseni ya kilima kizima, mitambo kumi na wataalamu wanne, hakuhangaika kupima mwamba. Alinusa upepo, akamfuata Fuko, akazungushia duara uzio. "Toka, mvamizi! Hili ni eneo la mwekezaji." Maduara matatu yalikwenda hivyo.

La nne lilipoanza kutoa, mke wa Fuko alisema, "Baba watoto, Tembo akichukua na hili, hatuna pa kuchimba tena. Nenda kaoge."

"Bahati itaondoka, mama!"

"Mbona bahati hiyo huondoka na Tembo kila mara? Oga."

Fuko akaoga kwa sabuni, huku akilia. Suruali yake ya kazi akaitupa kwenye shimo la mbali, ambalo halikuwahi kutoa hata chembe.

Kesho yake Tembo alizungushia shimo lile uzio. Fuko alipopita akinukia sabuni, Tembo alimwonea huruma. "Pole, ndugu yangu. Naona umekosa."

"Ndiyo, mkuu. Tunajaribu tu."

Baada ya wiki moja, Korongo, mkuu wa wataalamu, alikuja kwa Tembo. "Bosi, vipimo vyote vinaonyesha udongo mtupu. Tumekuta suruali tu."

Tembo akainusa suruali, akafumba macho kwa furaha.

"Basi tumekaribia. Ongezeni mitambo."