Viatu vya Elieshi

Kila mwaka Elieshi huwapokea waelimishaji wapya wa vijana kwa kitendawili, pale ukumbi wa kanisa, Sekei. Atakayejibu bila haya ataachiwa darasa la afya ya uzazi, naye bibi huyu avue viatu akapumzike. Mpaka leo hajampata.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Kila mwanamume anacho, lakini hakitajwi mezani kwa mama yake."

Miguu ya Elieshi ilikuwa imevimba, kamba za viatu zimezama nyamani.

Jamaa mmoja mwenye ndevu akasimama, jasho likimtoka puani. "Uume, bibi."

Hakuna aliyecheka. Elieshi akavua viatu taratibu, vidole vikapumua.

"Ubarikiwe, baba. Na cha mwanamke?"

Jamaa akakohoa. "Hicho, bibi, watasema akina dada."

Akina dada wakaficha nyuso.

Elieshi akainama, akavaa viatu vyake tena.