Nafasi ya Nyimbo

Kompyuta ya nyumbani ilikwama tena, ikaandika kwamba kumbukumbu pepe, ile inayoazima nafasi ya diski, haitoshi kwa kuwa diski imejaa. Saumu alijua kilichoijaza: nyimbo alizorekodi mumewe, Kitwana, kabla ya kumwacha na kwenda kumwoa mwimbaji wake. Asubuhi hiyo Kitwana alikuwa amempigia simu.

"Nakuja kuzichukua. Sina nakala nyingine, tafadhali usiziguse."

"Wewe njoo tu," Saumu alimjibu.

Sasa alizichagua zote, akazifuta zisirudi tena. Mashine ikamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo, na kompyuta ikawa nyepesi kama mpya.

Hodi ikapigwa. Kitwana alisimama mlangoni akitabasamu, flashi mkononi.

"Karibu," Saumu alisema, akamvutia kiti mbele ya skrini.